Mpishi aliyelipia uhuru wake jikoni: Maisha ya James Hemings (1765-1801)

Na Mwandishi Wetu

WASOMAJI wetu mlioko Marekani hamhitaji kuelezwa makaroni ya jibini ni chakula gani. Watoto wenu wameyazoea shuleni, na wakirudi nyumbani wanayadai hata siku ambayo mama amepika wali na maharage. Katika sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, bakuli lake huwekwa mezani kando ya bata mzinga, juu limekauka rangi ya kahawia na ndani ni laini, jibini ikivutika kama uzi kila kijiko kinapoingia. Walioko nyumbani, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, wanayajua zaidi makaroni ya nyama ya kusaga, na tambi za nazi na sukari za mwezi wa Ramadhani.

Chakula hiki kinahesabiwa kuwa cha Kimarekani kabisa. Ukiuliza kilifikaje huko, jibu la mkato utakalopewa mara nyingi ni kwamba Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa nchi hiyo, alikionja Ulaya akakileta kwao. Jibu hilo lina kasoro moja kubwa. Jefferson hakuwa mtu wa kushika mwiko. Alikuwa na mpishi, na mpishi huyo alikuwa mtumwa wake. Jina lake ni James Hemings.

Tumeona tuyaeleze maisha yake kwa sababu ni maisha ya kijana aliyefika katika nchi ambayo mahakama yake ingeweza kumpa uhuru, akarudi utumwani, na miaka michache baadaye akatakiwa kumfundisha ndugu yake wa damu kazi yake ili yeye aachiwe. Hatusemi kwamba hali za sisi tulio ughaibuni zinalingana na utumwa, hazilingani. Lakini swali la kubaki ugenini au kurudi, na la nani anayebaki nyuma ili mwingine aondoke, wengi wetu tunalijua.

SHEMEJI WA BWANA WAKE

James alizaliwa mwaka 1765 Virginia, wakati ule ikiwa koloni la Mwingereza. Mama yake, Elizabeth Hemings, alikuwa mtumwa. Simulizi iliyohifadhiwa na ukoo inasema Elizabeth alikuwa binti wa mwanamke wa Kiafrika na nahodha wa Kiingereza. Baba yake James alikuwa John Wayles, mwanasheria, mwenye mashamba na mshiriki wa biashara ya watumwa, ambaye ndiye aliyekuwa bwana wa Elizabeth. Wayles alizaa na Elizabeth watoto sita: Robert, James, Thenia, Critta, Peter na Sally.

Sheria ya Virginia tangu mwaka 1662 ilikuwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Hapa wasomaji wa pwani wataona tofauti. Kwetu na Oman, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na alirithi, na masultani kadhaa wa Zanzibar walikuwa wana wa masuria. Hatulitaji hili ili kuusafisha utumwa wa kwetu, ambao ulikuwa na machozi yake. Tunalitaja ili msomaji aelewe ukali wa sheria ya Virginia: mtu aliweza kuwa baba na wakati huo huo mmiliki wa mtoto wake, na akifa, mtoto huyo aliandikwa katika mirathi pamoja na ng'ombe na vyombo.

Ndivyo ilivyokuwa. Wayles alikufa mwaka 1773. Binti yake wa ndoa, Martha, alikuwa ameolewa na Thomas Jefferson tangu Januari 1772, na kwa urithi huo Jefferson alipata watu 135, pamoja na Elizabeth Hemings na watoto wake. Walihamishiwa Monticello, nyumba ya Jefferson juu ya kilima karibu na mji wa Charlottesville. James alikuwa mtoto wa miaka isiyozidi tisa.

Kwa hesabu ya Kiswahili, Martha alikuwa dada yake James kwa baba, na Jefferson alikuwa shemeji yake. Shemeji huyo ndiye aliyeandika, mwaka 1776, tangazo la uhuru wa Marekani lenye msingi wa usawa wa binadamu. Katika maisha yake yote alimiliki watu zaidi ya 600.

Watoto wa Elizabeth hawakupelekwa shamba. Walifanywa watumishi wa ndani, na James alikua akiwa kijana wa kutumwa na wa kuendesha gari la farasi.

PARIS: KIJANA AJIFUNZA KAZI

Martha alikufa mwaka 1782. Miaka miwili baadaye Jefferson aliteuliwa kuiwakilisha Marekani nchini Ufaransa. Aliondoka bandari ya Boston tarehe 5 Julai 1784, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa Paris. Alifuatana na binti yake mkubwa na James, aliyekuwa na miaka 19. Jefferson alikuwa na shabaha maalumu juu ya kijana huyo: ajifunze upishi wa Kifaransa.

James alianza kwa mwuza vyakula mmoja aliyeitwa Combeaux. Baadaye alifunzwa vitu vya unga na vitamutamu, kisha akapelekwa kwa mpishi wa mwana mfalme wa Condé, ambaye meza yake ilikuwa na sifa hata katika nchi ile ya walaji. Mafunzo hayo yaligharimu fedha nyingi, na gharama hiyo, kama tutakavyoona, Jefferson hakuisahau.

Mwaka 1787, James akiwa na miaka 22, alifanywa mpishi mkuu wa Hôtel de Langeac, nyumba ya Jefferson kwenye barabara ya Champs-Élysées. Alilipwa livre 24 kwa mwezi. Wageni waliokula chakula chake walikuwa wanasayansi, waandishi, mabalozi na watu wa ukoo wa kifalme. Kwa fedha zake mwenyewe alimwajiri mwalimu wa kumfundisha sarufi ya Kifaransa. Mwaka huo huo mdogo wake Sally, aliyekuwa na miaka 14, alifika Paris akimsindikiza binti mdogo wa Jefferson.

Inafaa tueleze kidogo alichojifunza, kwa sababu kina uhusiano na makaroni. Jikoni kwa Waamerika wa wakati ule kulikuwa na moto mkubwa wa kuni, na vyungu vikining'inizwa juu yake. Moto huo unafaa kwa nyama ya kuchoma na supu. Haufai kwa mchuzi wa siagi, maziwa na jibini, ambao ukizidishiwa moto kidogo tu hukatika, mafuta yakaenda upande na maji upande. Wafaransa walikuwa na jiko la matofali lililojengwa kufikia kiuno cha mtu, lenye matundu kadhaa juu, na kila tundu na makaa yake. Mpishi aliweza kuongeza moto wa sufuria moja na kupunguza wa nyingine. Anayepika kwa jiko la mkaa anaelewa mara moja faida yake.

Makaroni yenyewe hayakuwa ya Wafaransa wala hayakuwa mapya. Waitalia walikuwa wakila unga wa ngano uliokandwa na kuchemshwa, ukawekewa jibini, tangu karne za kati. Waingereza nao walikwisha kuyaiga, na kitabu cha mapishi cha Elizabeth Raffald kilichotoka mwaka 1769 kinayaeleza makaroni ya jibini ya Parma. Kwa hiyo hatutaki kumsingizia James Hemings kuwa ndiye aliyekivumbua chakula hiki. Katika miaka ile makaroni yalikuwa chakula cha wakubwa Paris, na Jefferson aliyapenda hata akachora mtambo wa kuyatengeneza na kuandika maelezo yake kwa mkono wake. Mwaka 1789 katibu wake, William Short, alimnunulia mtambo kama huo katika mji wa Naples. Mwaka 1793 ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyofungwa Philadelphia kupelekwa Monticello. Bwana alileta mtambo na michoro. Aliyeleta mikono iliyofunzwa kuupika mchuzi wake alikuwa James.

KWA NINI ALIRUDI?

Sasa tunafika kwenye jambo linalowashangaza wasomaji wengi. Ufaransa ilikuwa na watumwa wengi katika makoloni yake, lakini ndani ya Ufaransa kwenyewe mtumwa aliyefika mahakamani Paris kudai uhuru wake kwa kawaida aliupata. Jefferson alilijua hilo. Mwaka 1786 Mmarekani mwenzake aliyemleta kijana mtumwa Ufaransa alimwandikia kuuliza, na Jefferson akamshauri kwamba njia ya salama ni kunyamaza na kutolizungumza jambo hilo.

James alikuwa na kazi, mshahara na lugha. Paris ilikuwa na Waafrika na machotara huru. Julai 1789 gereza la Bastille lilivunjwa katika mji huo huo aliokuwa akiishi, na maneno ya uhuru yalikuwa yakisemwa barabarani kila siku. Hata hivyo, Oktoba 1789 alipanda meli pamoja na Jefferson na Sally, na tarehe 23 Novemba walitua Norfolk, Virginia.

Sisi hatutamhukumu. Mama yake alikuwa Monticello, na ndugu zake wengine walikuwa Virginia, wengi wao katika milki ya mtu yule yule. Kama angebaki Paris angekuwa huru, lakini asingekuwa na namna yoyote ya kuwakomboa wala pengine ya kuwaona tena. Wako ndugu zetu wenye hati zote za kuishi Uingereza au Marekani ambao wamerudi kwao kwa sababu ya mzazi mgonjwa, wakijua wazi wanarudi kwenye taabu. Kuhusu Sally, mwanawe Madison alieleza mwaka 1873 kwamba mama yake alikubali kurudi baada ya Jefferson kumwahidi kwamba watoto watakaozaa watakuwa huru wakifika miaka 21. Sally alikuja kuzaa watoto sita, wanne wakakua. Kipimo cha DNA cha mwaka 1998, pamoja na kumbukumbu nyingine, kimewafanya wanahistoria wengi wakubali kwamba baba yao ni Jefferson. Undugu wa James na bwana wake ukawa umefungwa kwa mafundo mawili.

MEZA ILIYOUAMUA MJI MKUU

Mwaka 1790 Jefferson aliingia serikalini kama Waziri wa Mambo ya Nje wa George Washington. Makao ya serikali yalikuwa New York, na nyumba yake ilikuwa namba 57, mtaa wa Maiden Lane. James alikwenda naye kama mpishi.

Mnamo Juni mwaka huo, katika nyumba hiyo, Jefferson aliwakutanisha mezani mahasimu wawili: Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, na James Madison, kiongozi katika Bunge. Hamilton alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo yaliyotokana na vita vya uhuru. Madison na watu wa kusini walipinga. Baada ya chakula hicho walikubaliana kwamba madeni yatabebwa, na mji mkuu wa kudumu utajengwa kusini, ukingoni mwa mto Potomac. Mji huo ndio Washington. Kila kitabu cha historia ya Marekani kina majina ya watu watatu waliokaa kwenye meza ile. Mtu wa nne, aliyekuwa jikoni, ni vitabu vichache vilivyomtaja mpaka miaka ya karibuni.

Mwishoni mwa 1790 serikali ilihamia Philadelphia kwa muda. Mji huo ulikuwa mwingine kabisa kwa mtu mweusi. Pennsylvania ilipitisha mwaka 1780 sheria ya kuufuta utumwa hatua kwa hatua, na kulikuwa na jumuiya kubwa ya weusi huru, wenye kazi zao na makanisa yao. James aliishi katika mji huo kwa miaka kama mitatu, akipata mshahara, akienda sokoni na fedha mkononi, akiwaona watu wa rangi yake wakifunga milango ya nyumba zao wenyewe. Hapo ndipo jambo la uhuru wake lilipoandikwa.

KARATASI YA 1793

Tarehe 15 Septemba 1793, homa ya manjano ikiwa inaua watu kwa maelfu Philadelphia, Jefferson alitia sahihi karatasi moja fupi. Ndani yake alieleza kwamba ametumia gharama kubwa kumfundisha James upishi, na kwamba anataka kumtendea wema. Kwa hiyo alimwahidi uhuru, lakini kwa sharti: James arudi Monticello akamfundishe mtu mwingine mpaka awe mpishi mzuri. Sharti likitimia, ataachiwa.

Aliyefundishwa ni Peter, mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja, mdogo kwa miaka kama mitano.

Tunaomba msomaji alipime jambo hili. Kila siku James aliyomfundisha Peter kukanda unga, kuchuja mchuzi, kujua moto wa kila tundu la jiko, ilikuwa siku ya kuukaribia uhuru wake, na ilikuwa vile vile siku ya kumkaza ndugu yake katika nafasi aliyokuwa akiikimbia yeye. Kama angefundisha vibaya, asingetoka. Alipofundisha vizuri, Peter akawa mpishi ambaye bwana hakuwa na haja ya kumwachia. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili, kuanzia 1794.

Tarehe 5 Februari 1796 Jefferson alitia sahihi hati ya uhuru. James alikuwa na miaka 30 au 31. Wakati wa uhai wake Jefferson aliwapa hati rasmi za uhuru watu wawili tu, nao ni James na kaka yake Robert, aliyejikomboa mwaka 1794. Wengine watano, wote wa ukoo huu, waliachiwa kwa wasia mwaka 1826.

Kabla ya kuondoka, tarehe 20 Februari, James aliorodhesha vyombo vya jikoni. Orodha hiyo iko mpaka leo, kwa mwandiko wake mwenyewe uliopangika vizuri, ikianza na sufuria za shaba 19 na mifuniko yake. Ni karatasi ya mtu anayekabidhi kazi kwa hesabu kamili, asije akadaiwa kitu nyuma yake. Mwaka 2017 wachimbaji wa mambo ya kale waligundua, chini ya jengo moja la Monticello, mabaki ya jiko la matofali la namna ile ya Kifaransa. Hapo ndipo James na Peter walipokuwa wakisimama.

BARUA AMBAYO HAIKUANDIKWA

James alipewa dola 30 za njia akaenda Philadelphia. Alisafiri, na mwaka 1797 alikuwa na mawazo ya kwenda Hispania. Baadaye alikuwa mpishi katika mji wa Baltimore, akifanya kazi kwa mshahara.

Mapema mwaka 1801 Jefferson alichaguliwa Rais. Alitaka mpishi wa Ikulu, na aliyemfikiria kwanza ni James. Lakini hakumwandikia mwenyewe. Alimwandikia William Evans, mwenye nyumba ya wageni Baltimore, amfikishie habari. James hakukataa kazi. Alichotaka ni kwamba Jefferson amwandikie yeye, kwa mkono wake, amweleze masharti ya kazi na kiasi cha mshahara.

Ombi hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa mtu aliyewahi kuandikwa katika orodha ya mali, lilikuwa kubwa. Mfanyakazi huru huandikiwa barua ya kazi, na mtumwa huitwa tu. James aliijua thamani ya karatasi kuliko wengi, kwani utumwa wake ulikuwa karatasi na uhuru wake ulikuwa karatasi. Wengi wetu tuliofika ugenini na kuambiwa tuanze kazi kwanza, mengine tutazungumza baadaye, tunaielewa hofu iliyokuwa nyuma ya ombi lake.

Barua haikuandikwa. Jefferson alimwajiri Mfaransa, Honoré Julien, na mambo ya Ikulu yakaendelea.

Katika miezi ya Agosti na Septemba 1801, Jefferson alipokuwa mapumzikoni Monticello, James alirudi huko na kupika kwa muda wa kama mwezi mmoja na nusu, safari hii akilipwa. Mama yake alikuwa hai, na Peter na Sally walikuwa pale, wote bado watumwa. Kisha akarejea Baltimore. Mwezi wa Oktoba alijitoa uhai. Evans, akimjibu Rais aliyeulizia ukweli wa habari hiyo, alithibitisha mwezi wa Novemba na kusema kwamba marehemu alikuwa amezidiwa na ulevi kwa siku kadhaa. Alikuwa na miaka 36. Hatuna la kuongeza juu ya hilo, ila kwamba mtu mwenye ufundi wa kuilisha Paris alikufa bila mke wala mtoto wa kumrithi sufuria.

MAKARONI YAFIKA IKULU

Miezi minne baadaye, tarehe 6 Februari 1802, Mchungaji Manasseh Cutler, mbunge kutoka Massachusetts, alialikwa chakula Ikulu. Kati ya vyakula vilivyoletwa kulikuwa na kitu kama mkate mkubwa uliookwa, kinachoitwa makaroni. Mchungaji alidhani ndani mna vitunguu, akakionja, akakiona kikali na kisichopendeza. Katibu wa Rais, Meriwether Lewis, ndiye aliyemweleza kwamba ni chakula cha Kitaliano. Hiyo ni moja ya habari za mwanzo zilizoandikwa juu ya makaroni ya jibini kwenye meza ya Ikulu ya Marekani, na kama tunavyoona, hakikumpendeza kila mtu.

Huko Monticello, Peter Hemings aliendelea kupika mpaka mwaka 1809. Baada yake jiko lilishikwa na Edith Fossett, mtumwa mwingine, aliyefunzwa kwa Julien Ikulu tangu akiwa na miaka 15. Jefferson alipokufa mwaka 1826 aliacha madeni makubwa, na Januari 1827 watu wake walinadiwa. Peter, akiwa na miaka 56 hivi, alinunuliwa na mpwa wake aliyekuwa huru, Daniel Farley, kwa dola moja. Ndugu aliyefundishwa ili James aachiwe, naye aliachiwa hatimaye, miaka 31 baada ya kaka yake.

Mwaka 1824 Mary Randolph, ambaye kaka yake alimwoa binti wa Jefferson, alichapisha kitabu cha mapishi ya Virginia, na ndani yake mna makaroni yaliyopangwa tabaka kwa tabaka na jibini na siagi, kisha yakaokwa. Kitabu hicho kilisomwa sana kusini. Waliokuwa wakiyapika mapishi hayo katika nyumba za wakubwa walikuwa wapishi weusi, na uhuru ulipokuja mwaka 1865 walitoka na ujuzi huo vichwani. Ndiyo maana mpaka leo katika familia za Wamarekani weusi makaroni ya jibini ni chakula cha Jumapili na cha sikukuu, na hakipikwi na mtu yeyote tu. Kama vile kwetu sufuria la pilau la harusi haliachiwi mwanafunzi, vivyo hivyo kwao bakuli hili hupewa shangazi au bibi ambaye mkono wake umekwisha kujulikana.

Kilichokipeleka kwa watu wote ni shida. Mwaka 1937, Wamarekani wakiwa bado katika dhiki ya uchumi, kampuni ya Kraft ilitoa boksi la makaroni na unga wa jibini kwa senti 19, la kushibisha watu wanne. Watoto wetu wengi wanakijua chakula hiki kwa boksi hilo tu.

KUPIKIA NYUMBANI

Lakini cha boksi na cha nyumbani ni vitu viwili, na gharama yake haitishi. Kwa robo kilo ya makaroni, chemsha maji mengi yenye chumvi, uyatoe kabla hayajaiva sawasawa, kwa sababu yataendelea kuiva kwenye oveni. Katika sufuria nyingine yeyusha vijiko viwili vya siagi kwa moto mdogo, tia vijiko viwili vya unga wa ngano, ukoroge dakika mbili mpaka harufu ya ubichi iondoke. Mimina maziwa vikombe viwili na nusu kidogo kidogo huku unakoroga, usiache madonge. Yakishakuwa mazito kama uji mwepesi, epua. Hapo ndipo utie jibini iliyoparwa, kiasi cha gramu 200, na pilipili manga. Anayetia jibini sufuria ikiwa bado inachemka atapata mafuta yanayoelea.

Changanya na makaroni, mimina kwenye bakuli la kuokea, nyunyiza jibini nyingine juu na chenga za mkate ukipenda, uoke kwa nyuzi 180 za Selsiasi mpaka juu pawe kahawia, kama dakika 25. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, kama anavyopika mkate wa kumimina. Ndivyo ilivyofanywa pia katika majiko mengi ya Marekani ya zama za Hemings, kwa chungu cha chuma chenye mfuniko wa kuwekea makaa.

Katika mapishi yaliyohifadhiwa na wajukuu wa Jefferson, mawili yana jina la James: moja la mayai na maziwa, jingine la krimu ya chokoleti. Makaroni hayana jina lake. Mwanahistoria Annette Gordon-Reed ameufanyia kazi kubwa ukoo wa Hemings katika kitabu kilichotoka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009, na mwaka 2021 mfululizo mmoja wa televisheni kuhusu vyakula vya Wamarekani weusi ulimrudisha James jikoni kwake mbele ya watazamaji wa dunia nzima.

Nasi tunawaomba wasomaji wetu jambo jepesi. Siku bakuli hili litakapowekwa mezani kwenu, na mtoto akauliza limetoka wapi, mtajieni James Hemings. Mtajieni na Peter.